Aliachwa kwa mataa, akala chipsi, akarudi nyumbani akitabasamu

Wewe uliyeambiwa "niko njiani" saa kumi jioni, na saa mbili usiku bado umesimama kwa steji ukijifanya unasoma bango la matangazo, kaa hapa karibu. Wewe uliyetuma fare kisha simu ikazimwa, pia wewe kaa. Na wewe dada uliyewahi kumwambia mtu "hapana, asante" kwa upole wote, ukaitwa majina ambayo huwezi kuyasoma mbele ya mamako, njoo ukae mbele kabisa. Leo nina muvi ya kuwapa nyote.

Inaitwa Gregory's Girl. Ni ya Scotland, ilitoka mwaka 1981, na iliandikwa na kuongozwa na jamaa anayeitwa Bill Forsyth. Ni komedi ya wanafunzi wa shule ya upili. Haina bunduki, haina gari linalolipuka, na hakuna mwanafunzi anayeaibishwa mbele ya shule nzima ili sisi tupate kicheko. Kuna mpira, kuna chipsi, kuna mvulana mrefu asiyejua mikono yake aiweke wapi, na kuna wasichana wanaomzidi akili mbali sana.

Waulize mabeshte zako kumi kama wameiona. Ukipata mmoja, mnunulie soda.

Msimamo wangu niuseme mapema, usije ukadai nilikuzungusha. Katika komedi zote za vijana ambazo tumelishwa tangu utotoni, hii ndiyo iliyonionyesha kitu ambacho vijana wa kiume wa nchi hii tunakihitaji kwa dharura: mvulana anakataliwa, na dunia haiishi. Halipizi kisasi. Hamtukani mtu. Anaenda zake, jioni inaendelea, tena inamwendea poa kuliko alivyopanga.

Najua unaweza kusema hilo ni jambo dogo. Endelea kusoma.

Ilikuwa kwa folda ya "zingine"

Mimi sikuelekezwa kwa hii filamu na mtu yeyote. Bando lilikuwa limeisha, mwezi ulikuwa tarehe 23, na wewe unajua tarehe 23 inavyokuwa kwa mtu asiye na ajira ya kueleweka. Nikachukua fleshi ya zamani ya binamu yangu, ile ya enzi za kupeleka fleshi kwa duka la muvi mtaani ikajazwa hadi ikashiba. Folda za mapigano nilikuwa nimezimaliza zote. Ikabaki moja iliyoandikwa "zingine". Humo ndimo ilimokuwa, katikati ya mahubiri na video za harusi.

Dadangu mdogo, yuko kidato cha tatu, alikuwa ameketi na kitabu cha kemia ambacho hakuwa akikisoma. Dakika kumi za kwanza tulikuwa tukiulizana, "Amesema nini?" Lafudhi ya Waskoti si mchezo. Kiingereza ni kile kile ulichofunzwa, lakini ni kama kimepitishwa kwa posho mill. Usijilaumu: filamu hii ilipopelekwa Marekani, sauti zilirekodiwa upya kwa lafudhi nyepesi ili Wamarekani waelewe. Ikiwa wao walihitaji msaada, wewe washa maandishi ya chini ya skrini bila aibu.

Kufikia dakika ya thelathini, kemia ilikuwa imefungwa rasmi na mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akicheka, akisahau kwamba alikuwa amekuja kutuuliza nani atakata sukuma.

Hapo ndipo nilijua hii ni muvi ya ukweli. Ni komedi ya vijana unayoweza kuitazama na mamako sebuleni bila mtu kuanza kutafuta rimoti kwa haraka. Isipokuwa pale mwanzoni kabisa, na hapo nitapafikia, usidhani nimepasahau.

Stori yenyewe

Nitamwaga mtama kidogo. Kama hutaki, ruka hadi kichwa kidogo kinachofuata.

Gregory ni mvulana wa mtaa unaoitwa Cumbernauld, mji mpya ulioanzishwa miaka ya 50 karibu na Glasgow ili kupunguza msongamano wa jiji. Nyumba zinafanana, njia za miguu zinapita kila mahali, na watoto wanajuana kutoka mlango hadi mlango. Ukikulia Buruburu au Umoja, utapatambua mara moja, toa tu jua uweke mawingu.

Gregory anaichezea timu ya shule kama mshambulizi. Shida ni kwamba mwaka huo amerefuka kwa inchi tano, na miguu haijapewa taarifa. Timu inapigwa mechi baada ya mechi. Kocha, Bwana Menzies, mtu wa masharubu machache na wasiwasi mwingi, anaamua kufanya majaribio ya kutafuta mchezaji mpya.

Anakuja Dorothy. Kocha anajaribu kumweleza kwamba alikuwa akimaanisha wavulana. Dorothy anamwambia tangazo halikusema hivyo. Anapewa mazoezi ya kumchosha ili aende nyumbani, anayamaliza yote kuliko kila mvulana uwanjani. Basi, Dorothy anaingia timu, anakuwa mshambulizi, na Gregory anarudishwa nyuma kudaka.

Hapa ndipo mtu mwingine angeweka muvi nzima ya kisasi. Mvulana amenyang'anywa namba na msichana! Kwetu mtaani hiyo ingekuwa stori ya wiki tatu. Gregory anafanya nini? Anampenda. Papo hapo. Anasimama golini akimtazama Dorothy mbele kule, na mipira inapita nyuma yake ikiingia nyavuni kama magari ya Thika Road.

Anatafuta ushauri kwa marafiki zake. Steve ni fundi wa kuoka keki, anachukulia unga kwa uzito kuliko mapenzi. Andy anaamini ukimwambia msichana mambo ya sayansi atakupenda, kwa hivyo anawakaribia wasichana wakila chakula cha mchana na kuwaelezea chafya hutoka puani kwa kasi gani. Wasichana wanahama meza. Charlie hasemi kitu, muvi karibu nzima.

Ushauri wa maana unatoka kwa Madeleine, dadake Gregory mwenye miaka kumi. Kamsichana kadogo, lakini kanamkalisha kakake chini, kanamkagua nguo, na kumwambia kwamba mtu asiyejijali mwenyewe asitarajie wengine wamjali. Dadangu alinigeukia hapo, akaniangalia tisheti. Sikusema kitu.

Hatimaye Gregory anajikaza na kumwomba Dorothy watoke. Dorothy anakubali, bila mbwembwe. Gregory anaoga kama mtu anayeenda kupiga picha ya pasipoti, anaazima koti jeupe la Steve, anafika mahali walipopatana. Anangoja.

Dorothy haji.

Anakuja rafikiye, Carol, akiwa na ujumbe kwamba Dorothy ana mambo mengine, lakini Gregory anaweza kumsindikiza. Wanaenda hadi kwa duka la chipsi. Hapo anapokewa na msichana wa pili, Margo. Margo anatembea naye kidogo, kisha anamkabidhi kwa wa tatu, Susan. Jamaa anapitishwa mkono kwa mkono kama mzigo wa Western uliopanda matatu tatu kabla ya kufika. Na Andy na Charlie, wakizurura tu mtaani, wanamwona beshte yao akiwa na msichana tofauti kila wanapokutana naye. Wanabaki midomo wazi. Kumbe mwenzao mwenyewe hajui kinachoendelea!

Kinachoendelea ni kwamba Susan ndiye alikuwa akimpenda tangu mwanzo, na wasichana walikuwa wamepanga kila kitu. Susan anamweleza kwamba hivyo ndivyo wao hufanya, husaidiana. Wanaenda kwenye bustani, wanalala chali nyasini chini ya mti, na wanacheza dansi wakiwa wamelala, mikono tu ndiyo inayocheza. Ni kitu cha kijinga kabisa. Ni kitu kizuri kabisa.

Tulichofunzwa na muvi nyingine

Sasa linganisha na zile tulizokulia.

American Pie ya 1999, marafiki wanne wanawekeana ahadi kwamba kabla ya kumaliza shule kila mmoja lazima awe amelala na msichana. Msichana hapo ni mtihani wa kitaifa. She's All That, mwaka huo huo, mvulana anaweka dau kwamba anaweza kumgeuza msichana yeyote awe malkia wa shule. 10 Things I Hate About You, tena 1999, mvulana analipwa pesa ili amtongoze msichana. Sisemi hizo filamu ni mbovu. Hiyo ya mwisho naipenda na nitaitazama tena. Ninasema tu: angalia mchezo unavyochezwa. Mvulana anataka, mvulana anapanga, mvulana anadanganya, na mwisho wa siku mvulana anapewa.

Halafu kuna The Notebook ya 2004, ambayo mademu wengi wa mtaa wetu huilia hadi leo. Jamaa anataka kutoka na msichana, msichana anakataa. Jamaa anapanda gurudumu kubwa la bembea, ananing'inia kwa mkono, anatishia kujiachilia hadi msichana akubali. Na sisi tunaambiwa hayo ni mapenzi. Hebu fikiria mtu akifanya hivyo Uhuru Park. Ungeita polisi.

Na si wazungu pekee waliotufunza hivyo. Kijana wa Kenya anaambiwa "mvumilivu hula mbivu" hata pale embe limesema wazi kwamba lina mwenyewe, au halitaki kuliwa. Anaambiwa mwanamke akisema la, anakupima. Anaambiwa usichoke, piga simu, tuma kakitu, mngoje nje ya kazini. Kila mtu anamfundisha jinsi ya kupata "ndiyo". Hakuna hata mmoja anayemfundisha afanye nini na "hapana".

Ndiyo maana jamaa akiblokiwa anafungua laini nyingine. Ndiyo maana mtu anadai fare yake irudishwe na riba ya matusi. Tunacheka hizo meme za "alikula fare", hata mimi hucheka. Lakini chini ya kicheko kuna hesabu fulani: nimetoa kitu, kwa hivyo ninadai mtu.

Na mahali hesabu hiyo inafika, tunajua. Januari 27, 2024, wanawake walijaa barabarani Nairobi na miji mingine ya nchi hii kuomba kitu ambacho hakufai kuombwa, yaani wasiuawe. Septemba mwaka huo huo tukamzika Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyekuwa akiishi Trans Nzoia. Wiki chache kabla alikuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki kule Paris. Alimwagiwa petroli na kuchomwa na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Kabla yake, Oktoba 2021, Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita kumi za barabarani katika mbio za wanawake pekee.

Sitakudanganya kwamba komedi ya 1981 ingewaokoa. Huo utakuwa upuzi, na ni kuwakosea heshima. Kuna sheria, kuna polisi wa kupokea ripoti na kuifanyia kazi, kuna familia za kuacha kusema "rudi ukavumilie". Hizo ndizo kazi kubwa. Ila nasema hivi: mtu hujifunza jinsi ya kuwa mtu kutokana na stori alizosikia. Na sisi wavulana tumepewa stori elfu za kushinda, na karibu hakuna hata moja ya kukataliwa vizuri.

Gregory anafanya nini akiachwa?

Rudi kwa ile jioni. Gregory ameachwa kwa mataa. Amevaa koti la kuazima. Dorothy hajaja, wala hajaomba msamaha, na muvi haimlazimishi kuomba. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Nilikuwa nikingoja ile sehemu ambapo Dorothy "anajuta". Haipo. Dorothy hakutaka kutoka naye, alikuwa na mambo yake, basi. Muvi haimwiti mbaya. Haimwadhibu. Haimvunji mguu kwenye mechi ya fainali ili Gregory aje kumbeba.

Na Gregory naye hamfuati nyumbani. Hamuulizi Carol, "Yuko na nani?" Anashangaa kidogo, anasikitika kidogo, halafu anaenda kula chipsi. Kwa sababu yuko huru hivyo, hajaziba macho kwa hasira, anaweza kumwona Susan. Yule ambaye alikuwepo shuleni siku zote.

Usinielewe vibaya, sisemi ukikataliwa na mmoja basi mwingine anakungoja kwenye duka la chipsi. Mara nyingi hakuna mtu. Mara nyingi ni wewe na chipsi zako na matatu ya saa tatu. Bado hiyo ni jioni ambayo mtu anaweza kuivuka. Ukiamka kesho yake hujamwaibisha mtu, hujajiaibisha, na yule dem mkikutana dukani mnaweza kusalimiana.

Kuna jambo jingine. Katika hii muvi, wavulana wanadhani wao ndio wanaowinda. Ukiitazama mara ya pili, unaona wasichana ndio waliokuwa wakiendesha kila kitu, kwa utulivu, bila kumuumiza mtu. Dorothy alijua alichotaka, namba ya mshambulizi. Susan alijua alichotaka, Gregory. Kila mmoja amepata. Dadangu alilielewa hilo mara ya kwanza. Mimi ilibidi nirudishe nyuma.

Mpira nao

Kama hayo ya mapenzi hayakuhusu, itazame kwa ajili ya mpira.

Kumbuka mwaka ni 1981. Chama cha soka cha Uingereza kilikuwa kimewafungia wanawake nje ya viwanja vyake tangu 1921, marufuku iliyodumu miaka kama hamsini. Scotland walichelewa zaidi kulegeza, hadi 1974. Kwa hivyo Forsyth alipomweka Dorothy uwanjani, ilikuwa miaka saba tu tangu nchi yake ikubali kwamba mwanamke anacheza mpira. Na hakumweka kama kichekesho. Kichekesho ni wavulana, kocha, na wachezaji wa timu pinzani ambao bao likiingia wanamkumbatia mfungaji pia.

Sisi hapa tunaijua hiyo stori. Mwaka 2024, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, la umri wowote, haikuwa ya wanaume. Ni Junior Starlets, wasichana wasiozidi miaka 17, kule Jamhuri ya Dominika, na walimpiga Mexico 2-1. Wangapi kati ya hao waliwahi kuambiwa na kocha wa mtaani, "Nilikuwa namaanisha wavulana"?

Najua utakachosema

Utasema hii muvi inaenda polepole. Kweli, haina haraka. Kuna mtu amevaa vazi la pengwini anayezunguka shuleni akitafuta darasa, walimu wanamwelekeza tu kama mwanafunzi mgeni, na hakuna anayekueleza ni nani au kwa nini. Mwalimu mkuu anajifungia akipiga piano. Ukizoea video za sekunde kumi na tano utahisi kuwashwa. Vumilia nusu saa. Baada ya hapo utaanza kucheka vitu ambavyo huwezi kumsimulia mtu.

Utasema pia, kuna ile sehemu ya mwanzo. Ndiyo. Muvi inaanza na wavulana wakiwa gizani nje ya dirisha, wakimchungulia muuguzi akibadilisha nguo. Baadaye kuna kijana anayewauzia wenzake picha za Dorothy chooni. Filamu inayachukulia hayo kama utundu wa umri. Mimi siyachukulii hivyo, na wewe usiyachukulie hivyo. Leo hizo picha zingekuwa kwa makundi ya simu kabla ya kengele ya chakula cha mchana, na Dorothy angehama shule. Hapo Forsyth aliteleza, na dadangu aliniambia bila kuulizwa. Kama unaitazama na wadogo zako, simamisha hapo, mwongelee. Ni mazungumzo mazuri kuliko lile somo la Guidance tulilokuwa tunalalia.

Na utasema, hao ni wazungu wa zamani, wananihusu nini? Basi sikiliza hii. Forsyth alikuwa ameiandika Gregory's Girl mapema, akakosa mtu wa kuifadhili. Hakungoja. Alichukua vijana wa Glasgow Youth Theatre, akatengeneza kwanza filamu nyingine kwa pesa kidogo mno, That Sinking Feeling, ya 1979. Inahusu vijana wa Glasgow wasio na kazi wanaoamua kuiba sinki za jikoni. Sinki! Ilipopendwa ndipo mlango ukafunguka, na vijana kadhaa wa hapo wakarudi kwenye Gregory's Girl, iliyotengenezwa kwa takriban pauni 200,000. Ilipofika tuzo za BAFTA, Forsyth akachukua ile ya hati bora ya filamu mbele ya Chariots of Fire, filamu ambayo ndiyo ilitawala mwaka huo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kutimia. Kwa hivyo stori ya watu wasio na pesa wanaoanza na kilichopo mkononi, tena kilichopo ni vijana wa mtaa na kichekesho kuhusu sinki, hiyo haihitaji kutafsiriwa kwangu. Na kama wewe una kamera ya simu na mabeshte wanne wasio na kazi, haihitaji kutafsiriwa kwako pia.

Clare Grogan, aliyeigiza Susan, alikuwa mhudumu wa mkahawa Glasgow Forsyth alipomwona. Kabla ya kupiga picha akaumia usoni kwa kioo, akabaki na kovu. Kulikuwa na waliotaka abadilishwe. Forsyth akakataa, akampiga picha kutoka upande mwingine. Ukitazama, utaona. Mimi sasa kila nikimwona Susan akigeuza uso nafurahi peke yangu.

Fanya hivi wikendi hii

Usingoje orodha ikuambie cha kutazama. Hizo orodha zinakupa ulichotazama jana, kikiwa kimevaa kofia mpya. Itafute Gregory's Girl, ni kama saa moja na nusu tu. Itazame nyumbani, na mtu mwingine kando yako: ndugu, dada, beshte wa kiume yule ambaye ameachwa majuzi na anaandika hadhi za kutisha saa nane usiku. Huyo hasa. Usimhubirie. Mpe chipsi, mwekee muvi, nyamaza.

Ukikutana na ile ya 1999, Gregory's Two Girls, ambapo Gregory amekuwa mwalimu, unaweza kuiruka. Hutapungukiwa.

Na katika zile dakika za mwisho, Andy na Charlie wakiwa barabarani wanaomba lifti waende Caracas, kwa sababu wamesikia kule wanawake ni wengi kuliko wanaume, na bango lao wameliandika vibaya, usizime. Ngoja umwone Dorothy. Giza limeingia, yuko peke yake, anakimbia mazoezi yake barabarani. Hakuna muziki wa kutisha. Hakuna gari linalomfuata polepole. Hakuna mtu aliyejificha akimngoja kwa sababu alisema hapana.

Anakimbia tu, mwendo wake ule ule.

Dadangu aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamwambia ni lafudhi, sikusikia vizuri.